Achaguaye Kitabu Siye Alipaye

Chuo Kikuu cha Kibabii kimesimama kilomita chache nje ya mji wa Bungoma, kandokando ya barabara iendayo Chwele, katika nchi ya mahindi na miwa ambayo kwa miaka mingi iliwapeleka wana wake mbali, Nairobi na Makerere na Dar es Salaam, kutafuta shahada. Kilianza mwezi wa Agosti mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichoko Kakamega, na tarehe 14 Novemba 2015 kikatunukiwa hati yake ya kujitegemea. Na tangu hapo mzazi wa Kimilili, au wa Sirisia, au wa Kitale upande wa mashariki wa mlima Elgon, ambaye hana mali ya kumtunza mtoto katika jiji la Nairobi, amekuwa na taraji ya kumwona mwanawe akisoma karibu na nyumbani. Hilo ni jambo la heri kubwa, wala sitaki maneno yafuatayo yalipunguzie hadhi. Walakini ukaribu wa chuo hupunguza nauli na kodi ya chumba; bei ya kitabu haujaigusa, na kitabu ndicho chombo ambacho chuo chote kimejengwa ili kitumike.

Apitaye karibu na lango la chuo chochote cha upande huu, kiwe Kibabii, kiwe chuo cha ufundi cha Kitale, kiwe Sang'alo, muhula unapokuwa umeshika kasi, ataona mahali palipo na msongamano wa vijana. Si penye duka la vitabu, kwa kuwa duka la vitabu la miji yetu aghalabu huuza vitabu vya shule za msingi na za sekondari, madaftari, kalamu na karatasi za manila, na ukiuliza kitabu cha isimu au cha kemia ya mwaka wa pili utaambiwa kiagizwe kutoka Nairobi, na ulipe kwanza. Msongamano uko penye kibanda cha fotokopi. Hapo mwakilishi wa darasa amekwisha kuacha nakala moja ya kijitabu cha mhadhiri, kile ambacho wote hukiita hendauti, na wenzake huja mmoja mmoja na sarafu zao. Huyu hutaka yote, yule hutaka kurasa zilizotajwa darasani jana, na mwingine, ambaye mfuko wake umekauka kabla ya mwisho wa mwezi, hupiga picha kurasa za mwenziwe kwa simu na kwenda kuzisoma usiku kwa kukaza macho.

Tufanye hesabu ndogo. Mwanafunzi wa shahada husoma masomo sita au saba kwa muhula mmoja, nayo huitwa yuniti. Tuchukulie kila yuniti ina kurasa themanini za hendauti, na ukurasa mmoja hunakiliwa kwa shilingi tatu tu. Jumla yake ni shilingi 1,680 kwa masomo saba, bila ya bando la simu, bila ya kazi za kuchapishwa na kukabidhiwa, na bila ya kitabu hata kimoja. Sasa tuchukulie kitabu kimoja cha sayansi kilichochapwa ng'ambo ambacho bei yake ni dola 60. Mwaka 2013, dola ilipokuwa kiasi cha shilingi 86, kitabu hicho kilikuwa cha shilingi 5,160. Januari 2024, dola ilipofika kiasi cha shilingi 160, kitabu kile kile, kwa maneno yale yale na picha zile zile, kilikuwa cha shilingi 9,600, kabla ya usafiri, kabla ya kodi, na kabla ya faida ya muuzaji. Nyumba inayoishi kwa kuuza mahindi ya shamba la ekari mbili haiwezi kununua kitabu hicho. Haikinunui, wala tusijidanganye kwamba inakinunua kwa shida.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika nchi tajiri malalamiko ni kwamba mwanafunzi hulipa fedha nyingi mno kwa vitabu. Nchini Marekani idara ya takwimu za kazi ilionyesha kwamba bei ya vitabu vya vyuo ilipanda kwa asilimia 88 baina ya 2006 na 2016. Kwetu, mwanafunzi hulipa kwa njia nyingine iliyo chungu zaidi: husoma shahada nzima bila ya kusoma kitabu kizima. Hujifunza kwa vipande. Huijua sura ya tatu ya mtu fulani bila ya kujua sura ya kwanza ilisema nini, naye akiulizwa mwandishi wa maneno aliyoyakariri, hutaja jina la mhadhiri wake, kwa kuwa hendauti haikutaja jina jingine. Ughali wa kitabu, kwa hivyo, hauhesabiwi kwa shilingi peke yake. Uhesabiwe pia kwa namna ya watu wanaotoka chuoni, hasa katika chuo ambacho wengi wa wahitimu wake ni walimu wa kesho.

Na kwa nini kitabu kighali huendelea kutajwa katika orodha ya somo, mwaka baada ya mwaka, hali mhadhiri anajua, na mkutubi anajua, na wanafunzi wanajua, kwamba hakitanunuliwa? Sababu ni kwamba achaguaye kitabu siye alipaye. Mhadhiri huandika orodha yake kama tabibu aandikavyo dawa: hutazama nguvu ya dawa, hatazami bei yake dukani, maana si yeye atakayekwenda dukani. Simlaumu kwa ubaya wa moyo. Orodha nyingi alizirithi kwa walimu wake, na vitabu vilivyomo ndivyo vilivyomfanya msomi. Lakini yeye alivisoma katika zama ambazo kulikuwa na mtu mwingine aliyelipa, na zama hizo zimepita.

Zama hizo zilikuwako, wala si hadithi. Mwaka 1948 ilianza kazi yake Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, yenye makao Nairobi, ambayo kwa karibu miaka thelathini iliwahudumia wasomaji wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa vitabu vya bei nafuu vilivyoandikwa na watu wa hapa, na ikapeleka hata vitabu vya kuazimwa katika masanduku kwa watu walio mbali na miji. Ilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na kwa upande wa Kenya kazi yake ikarithiwa na Kenya Literature Bureau. Katika miaka ya 1960 serikali ya Uingereza nayo ilianzisha mpango wa vitabu vya vyuo vya bei ya chini kwa nchi zinazoendelea, ulioitwa kwa herufi ELBS. Kitabu cha tiba au cha uhandisi kilichouzwa London kwa bei kamili kiliuzwa Nairobi kwa sehemu tu ya bei hiyo, kwa sababu hazina ya serikali ilijaza pengo. Nakala za ELBS zingali zaonekana katika maktaba kuukuu, zimelegea mishono kwa kusomwa. Mpango huo ulifungwa mwaka 1997. Na kwa upande wa mwanafunzi mwenyewe, mkopo wa serikali ulioanza mwaka 1974 na posho waliyoiita bumu vilimwezesha kuingia duka la vitabu bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Mwaka 1991 ukaja uchangiaji wa gharama, ada ikamwangukia mzazi, na mwaka 1995 ikaundwa bodi ya mikopo ya HELB, ambayo fedha zake, zikifika, hukuta njaa na kodi ya chumba zimekwisha kutangulia mlangoni.

Yote haya yaliondoka moja baada ya jingine, kimya kimya, wala hapana siku moja ambayo nchi iliketi na kuamua kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu asome bila ya vitabu. Kisha, kana kwamba mzigo haujatosha, sheria ya mwaka 2013 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ilikitia kitabu katika kodi ya asilimia 16, baada ya miaka mingi ya kitabu kusamehewa. Wachapishaji walilalamika sana wakati ule, na nadhani walikuwa na haki. Serikali inayomkopesha kijana fedha za masomo kwa mkono mmoja, kisha ikatoza sehemu ya fedha hizo hizo anaponunua kitabu cha masomo, haimsaidii kwa kipimo kile inachodhani inamsaidia.

Watu wa Bungoma wana kumbukumbu nyingine ichomayo zaidi. Mwendo mfupi kutoka Kibabii, huko Webuye, palikuwa na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichoanza kutoa karatasi mwaka 1974 kwa ubia wa serikali ya Kenya na wenye mitaji kutoka India na shirika la fedha la kimataifa. Misitu ilipandwa kwa ajili yake, mji ukakua kwa ajili yake, na karatasi ya kuandikia na ya kuchapia ikatoka katika mkoa ule ule ambamo watoto waliihitaji. Januari 2009 kikasimama. Mwaka 2016 kikauzwa kwa wawekezaji wengine. Sisemi kwamba kiwanda kikizunguka kama zamani vitabu vya Kibabii vitakuwa rahisi kesho, maana bei ya kitabu ina mambo mengi ndani yake. Lakini kaunti iliyowahi kutengeneza karatasi yake yenyewe sasa hununua karatasi nyingi iliyosafiri baharini, na kila mara shilingi inapoteleza, bei ya daftari na ya kitabu huteleza nayo kwenda juu.

Kuna waonao kwamba hali hii haibadiliki. Nawaomba wakumbuke Januari 2018. Mpaka wakati huo shule za sekondari zilinunua vitabu zenyewe, kila shule kwa njia yake, kupitia maduka na mawakala. Ndipo serikali ilipoamua kununua moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, kila mwanafunzi kitabu chake katika masomo makuu, na bei ya nakala moja ikashuka sana, kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja na hesabu yake ilikuwa ya mamilioni. Wauza vitabu wa miji midogo waliumia kwa utaratibu ule, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Hata hivyo jambo moja lilidhihirika: bei ya kitabu haikuandikwa mbinguni. Hufuata nani ananunua, ananunua ngapi, na amejipangaje. Ajabu ni kwamba kijana yule yule aliyepewa vitabu bure katika kidato cha nne, akivuka tu kwenda chuoni, huachwa peke yake sokoni mbele ya vitabu vilivyo ghali zaidi sana.

Turudi kwenye kibanda cha fotokopi, maana lipo swali ambalo waungwana hulikwepa: je, ni halali? Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humruhusu mtu kutumia kazi ya mwingine kwa insafu, kwa utafiti na kwa matumizi yake binafsi. Haimruhusu kunakili kitabu kizima na kukiuza. Tena kipo chama cha Kopiken, kilichoundwa ili vyuo na ofisi zilipe ada ya kunakili na fedha hizo ziwafikie waandishi na wachapishaji. Huko India suala hili lilifika mahakamani waziwazi: mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, wakiwamo wa Oxford na wa Cambridge, walilishtaki duka dogo la fotokopi la Rameshwari katika Chuo Kikuu cha Delhi kwa kuwatolea wanafunzi mafungu ya sura zilizochaguliwa na walimu wao, Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikahukumu kwamba kunakili kwa ajili ya mafundisho kumeruhusiwa na sheria ya nchi ile, na mwaka uliofuata wachapishaji wakaondoa shauri lao. Hukumu hiyo haitufungi sisi, ila inatufundisha kwamba bunge likiandika ruhusa ya mafundisho kwa maneno bayana, mwalimu na mwenye kibanda huacha kufanya kazi kwa hofu.

Nina neno la kuongeza hapa, kwa kuwa naona dhuluma mbili zikichanganywa kuwa moja. Kunakili sura moja ya kitabu cha dola 60 ambacho hakingenunuliwa kamwe ni jambo moja. Kunakili kizima kitabu cha Mgullu, Mtalaa wa Isimu, au Misingi ya Sarufi ya Kiswahili cha Habwe na Karanja, au ile Sarufi Miundo ya Massamba, Kihore na Hokororo iliyotolewa na TUKI Dar es Salaam, ni jambo jingine kabisa. Vitabu hivi vimeandikwa na wasomi wa hapa, vimechapwa hapa, bei yake yaelekea uwezo wa mtu, na kila nakala ya wizi humpunguzia mwandishi chenji chache alizonazo na kumvunja moyo mchapishaji asichape tena. Tatizo la vitabu hivi aghalabu ni kutopatikana kuliko bei: mwanafunzi wa Kiswahili wa Kibabii huvitafuta Bungoma, huvikosa, huambiwa Eldoret, huvikosa, mwishowe huenda kibandani. Maktaba ikiagiza nakala arubaini kwa pamoja kabla ya muhula, na kuziuza kwa bei ya kununulia, mwandishi hulipwa na mwanafunzi huokoka na nauli.

Kwa upande wa sayansi na biashara, dunia imefungua mlango ambao zama za ELBS hazikuujua. Tangu mwaka 2012 mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, umekuwa ukitoa vitabu kamili vya vyuo vya fizikia, biolojia, uchumi, takwimu na mengineyo, vilivyoandikwa na kuhakikiwa na wataalamu, bure kabisa, kwa leseni inayomruhusu kila mtu kunakili, kugawa, kuchapisha na hata kubadili. Kwa watakaokuwa walimu upo mradi wa TESSA, uliozaliwa kwa ushirikiano wa vyuo vya Afrika na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, nao una mafunzo ya ualimu hata kwa Kiswahili. Huko Afrika Kusini walimu na wanasayansi vijana waliandika vitabu huria vya hisabati na sayansi, vya Siyavula, na mwaka 2012 serikali yao ikavichapa kwa ajili ya shule za umma. Zaidi ya hayo, mpango wa Research4Life, ulioanza na majarida ya tiba ya HINARI mwaka 2002, huzipa taasisi za nchi kama yetu majarida ambayo Ulaya hulipiwa kwa maelfu ya dola, na muungano wa maktaba wa KLISC, ulioundwa mwaka 2003, huwalipia wanachama wake mengine kwa pamoja. Hazina ni kubwa, na ni wanafunzi wachache mno waijuao.

Najua lijibiwalo: intaneti nayo hugharimu fedha. Ni kweli, na bando la mwanafunzi huisha kabla kitabu kizito hakijamaliza kushuka. Lakini kitabu cha leseni huria hakilazimiki kutoka ng'ambo kila mara. Chuo chaweza kukipakua mara moja tu, kupitia mtandao wa KENET unaoviunganisha vyuo vya nchi hii, kisha kikakiweka katika seva ya maktaba ambayo kila simu na kila kompyuta iliyomo chuoni yaweza kuifikia bila ya bando. Fikra hii si ngeni. Wale wa mradi wa eGranary wa Marekani walikuwa wakizipelekea maktaba za Afrika diski zilizojaa mamilioni ya kurasa, zisomwe pasipo intaneti, kabla ya simu za leo kuenea. Linalotakiwa ni mkutubi aliyepewa muda na idhini, na mhadhiri wa kumwambia ni kitabu gani.

Jibu la pili lina uzito zaidi: vitabu hivi ni vya Wamarekani, mifano yake ni ya theluji na ya ligi zao za mpira, na mtoto wa Kapsokwony hajioni ndani yake. Nakubali. Ndiyo maana leseni ni bora kuliko ubure wake. Mhadhiri wa botania wa Kibabii ana ruhusa kamili ya kuitoa mifano ya misitu ya Marekani na kuitia ya mlima Elgon, ambao wanafunzi wake wengi huuona wakitoka nje asubuhi; mhadhiri wa uchumi aweza kuondoa soko la hisa la New York akaweka soko la Chwele, na bei ya gunia la kilo 90 la mahindi ya Kitale kabla na baada ya mavuno. Kazi hiyo yahitaji wiki, hata miezi, na hapa tunarudi kwa mwenye kuchagua: mhadhiri haoni faida ya kuifanya. Vigezo vya kupandishwa cheo hutazama makala katika majarida na vitabu vilivyotolewa na wachapishaji. Kitabu huria kilichorekebishwa kwa ajili ya darasa lake, hata kikisomwa na vijana elfu mbili, kina hatari ya kuhesabiwa kuwa si kitu. Maadamu mambo ni hivyo, atabaki na hendauti yake, na mwanafunzi ataendelea kununua ukurasa kwa ukurasa.

Seneti ya chuo, basi, ndiyo yenye ufunguo, kuliko wizara na kuliko wafadhili. Mtaala mpya unapoletwa mbele yake, hutazamwa saa za mihadhara, mitihani na sifa za walimu. Ni jambo rahisi kuongeza safu moja katika fomu ile, iandikwe bei ya kila kitabu cha lazima kwa shilingi za siku hiyo, na idadi ya nakala zilizoko maktabani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 huvitaka vyuo vyao kutangaza bei za vitabu kabla ya mwanafunzi kujiandikisha. Sisi tulio na haja zaidi hatuna sababu ya kuogopa zaidi. Mhadhiri akilazimika kuandika kwa mkono wake «shilingi 9,600, nakala moja», naamini atatafuta kitabu kingine kabla ya kutia sahihi.

Na kwa kuanzia lipo somo moja lililo tayari. Katika vyuo vikuu vyetu wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa sayansi na wa sanaa, aghalabu husoma stadi za mawasiliano, nalo ni somo ambalo halihitaji picha za rangi wala mchapishaji wa ng'ambo, na ambalo wahadhiri wa Kibabii, wa Masinde Muliro na wa Moi hulifundisha kwa maelezo yanayofanana. Wakiketi pamoja likizo moja wakaandika kitabu kimoja cha kurasa mia mbili, kwa leseni huria na kwa majina yao juu ya jalada, na seneti zao zikakubali kukihesabu katika cheo, kila kijana atakayeingia atakipata bure katika seva ya maktaba. Nakala thelathini zitawekwa rafuni, za kusomwa hapo hapo kwa saa mbili mbili. Na atakaye nakala yake mwenyewe ataipata kwa mpiga chapa wa Bungoma mjini kwa bei ya karatasi, wino na kazi ya mikono.